Salamu kwa Wapishi wa Keringet

Wangare alikataa kiti. Alisimama mlangoni mwa jikoni, nyumbani kwa familia ya Navneet, akina Sehmi, mtaa wa Section 58 mjini, blanketi la msaada mabegani, akamwangalia Navneet akihangaika na kiberiti kana kwamba chai ingeokoa kitu.

"Kaa, Wangare."

"Nimekaa miezi miwili kwa hema ya wakimbizi, huko uwanja wa shoo. Wacha nisimame, Daktari."

Navneet hakuwa daktari bado. Wanawake wa Keringet ndio waliompa cheo hicho mapema, kwa sababu alikuja kwao na kinasa sauti na kuuliza maswali mengi. Alikuwa mhadhiri wa isimu, na kwa miaka sita alikuwa akiandika tasnifu kuhusu redio za lugha za mama na majiko ya watu: mwanamke anaposikiliza kipindi cha mapishi huku akisonga ugali, lugha gani inabaki mdomoni mwake? Mwaka wa 2007 alikuwa amezunguka kutoka Salgaa hadi Keringet, akaketi kwenye vigoda vya watu, akarekodi wanawake arobaini na mmoja. Kila mmoja alimjazia kadi. Ndivyo wanaisimu wafanyavyo. Jina, mahali pa kuzaliwa, lugha ya mama, lugha ya jikoni, stesheni anayosikiliza.

Keringet yote ilimjua Wangare kama Chepkosgei. Jina hilo alipewa na mama mkwe wake, Cheptanui, alipoolewa na Kosgei, na kwa miaka kumi na miwili majirani waliamini aliletwa kutoka Bomet, Mkipsigis kama wao. Alikuwa mzaliwa wa Njoro, binti wa Mkikuyu. Kipsigis alijifunza jikoni kwa Cheptanui, redio ikiwa imewashwa kutwa, mpaka hakuna aliyesikia tofauti. Haya alimwambia Navneet kwa sauti ya chini, jinsi mgonjwa anavyomwambia daktari, naye Navneet akayaandika kwenye kadi. Kisha akayaandikia sura nzima, ya nne, ndiyo bora katika tasnifu yote.

Desemba akataka kuwashukuru wapishi wake. Barua hawakuwa na haja nayo. Mtu akitajwa kwenye salamu za redio, wiki nzima sokoni anatembea kama bibi harusi, kwa hivyo Navneet akaamua kuwatumia salamu. Alikuwa amesahihisha mitihani mpaka macho yakauma. Badala ya kunakili majina peke yake, alizitoa kadi nakala nzima nzima, akampelekea Chepkurui, mtangazaji wa kipindi cha mapishi kwenye stesheni moja ya Kipsigis mjini. Chepkurui alipenda hadithi. Alisoma kila kitu.

"Na salamu za pekee kwa Chepkosgei wa Keringet, ambaye kumbe ni Wangare wa Njoro. Mama huyu Mkikuyu anatengeneza mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kutushinda sisi tulionyonya nayo."

Alisema kwa mapenzi. Zilikuwa zimebaki siku nne watu wapige kura. Kura zilipopigwa ghasia zikazuka, na Januari Wakikuyu wakafukuzwa Keringet.

"Ulisema hiyo kadi ni ya shule," Wangare alisema. "Sasa shule imenifukuza kwangu."

Navneet alizima stovu.

"Walikuja wangapi kukufukuza?"

"Nani alikuwa anahesabu? Kosgei alinipakia kwa lori ya viazi, juu yangu magunia. Watoto wakabaki na nyanya yao." Akavuta blanketi. "Mama Cheptanui amewaambia redio ilidanganya. Amewaambia kila siku, mpaka amechoka. Juzi wazee wakakubali neno moja: yule aliyeandika aseme mwenyewe amekosea. Kwa redio hiyo hiyo. Akisema, narudi. Asiposema, Kosgei atafute mwingine."

"Unataka niseme uongo."

"Nataka kulala na watoto wangu."

Nje, mama yake Navneet alikuwa akibishana na muuza mboga kuhusu dania iliyonyauka. Navneet alisikiliza kidogo. Akisema hewani kwamba Chepkosgei ni wa Bomet, sura ya nne imekufa. Mtahini yeyote angeweza kuuliza: mama, ulituandikia nini, na ulitangaza nini? Bila sura ya nne, tasnifu ilibaki maganda. Na angerudi wapi kutafuta nyingine? Nani angekubali kujaziwa kadi tena?

"Na mama yako, kule Njoro?" aliuliza. "Akisikia?"

"Mama hasikilizi hiyo stesheni."

Kesho yake, saa nne asubuhi, studioni, Chepkurui alimvalisha vipokea sauti bila kumwangalia usoni. Tangu Januari macho yake yalikuwa na wekundu usioisha.

"Daktari, mimi silali siku hizi," alisema kabla taa haijawaka. "Ulinipa karatasi, nikasoma. Mbona hukuniambia nisisome?"

"Sikufikiria."

"Hata mimi."

Taa ikawaka. Navneet akasema kwa Kipsigis chake cha darasani, polepole, kila neno likitoka kama jino. Akasema alichanganya kadi. Akasema mama aliyesalimiwa kutoka Keringet ni Chepkosgei, mzaliwa wa Bomet, na kwamba yule wa Njoro alikuwa mwanamke mwingine, wa Salgaa, ambaye hajui tena aliko. Akaomba msamaha kwa boma la akina Kosgei. Simu ikaita kabla hajamaliza.

"Ni mimi Cheptanui, mama Kosgei." Sauti ilikuwa kavu, haina haraka. "Nilisema nini mimi? Huyo msichana wa Kihindi mwaka mzima anakunywa mursik yangu, na mpaka leo ananiuliza kibuyu kinatiwa majivu ya nini. Huyo ndiye atajua nani amezaliwa wapi?"

Chepkurui akacheka. Mwingine akapiga kutoka Olenguruone: huyo daktari hata kwangu alifika, akaandika uji ni mboga. Haikuwa kweli. Wa tatu akauliza kama chuo kinamlipa, na kama kuna nafasi nyingine, kwa sababu hata ng'ombe wake anaweza kuandika hivyo. Stesheni nzima ikacheka, mpaka fundi wa mitambo nyuma ya kioo.

"Daktari, unawajibu aje?" Chepkurui aliuliza.

"Wana haki," alisema Navneet. "Bado najifunza."

Kazi ya miaka sita ilimalizwa kati ya tangazo la mbolea na tangazo la sabuni.

Jumamosi Kosgei akaja na lori ile ile ya viazi, amekaa na jirani yake wa Keringet, mwanamume mnene aliyevaa koti la mvua ingawa jua liliwaka. Wangare alikuwa ameliacha blanketi. Alivaa leso mpya ya mama yake Navneet, na alikuwa akiongea Kipsigis tangu lori ilipopiga honi getini, hata na Navneet, hata na mama yake Navneet ambaye hakuelewa neno.

Jirani alishuka, akamwendea Navneet.

"Daktari wa redio. Hebu tuambie, huyu mama ni wa wapi leo?"

Kosgei alikazia macho usukani. Wangare alikuwa na mguu mmoja juu ya ngazi ya lori.

"Wa Bomet," alisema Navneet.

"Una hakika? Ama tungoje utangaze tena Jumatatu?"

Jirani akacheka, na Wangare akacheka zaidi yake, akamwita Navneet jina la utani ambalo wanawake wa Keringet humpa mkaza mwana asiyejua kuwasha moto. Kisha akapanda. Hakuaga kwa Kiswahili.

Navneet alirudi chumbani kwake. Alimwandikia msimamizi wake kwamba wanawake aliowarekodi ni arobaini, si arobaini na mmoja, na kwamba tasnifu haitakuwa tayari mwaka huu. Hakueleza. Akafungua sura ya nne na kuanza kufuta, ukurasa mmoja mmoja, akisoma kila sentensi kabla ya kuiondoa, kwa sababu hakuna mwingine ambaye angeisoma.