Mpigaji Hajulikani

Jumanne, saa tano na dakika kumi asubuhi, Mzee Evodius alivua viatu. Alikuwa mlinzi wa chumba cha saba katika jumba moja la makumbusho la Landani, chumba cha ala kongwe za muziki, na kiatu cha kushoto kilikuwa kikimbana tangu stesheni. Kanuni za walinzi zina kurasa arobaini na mbili, na hakuna hata mmoja unaokataza soksi. Akaketi kwenye kiti chake cha plastiki, akatuliza nyayo sakafuni, na mguu wa kushoto ukabonyeza pedali ambayo haikuwepo.

Hatua nne mbele yake, ndani ya sanduku la kioo, gita likaanza kulia.

Lilikuwa gita la chuma la pedali: meza nyembamba ya mbao iliyong'arishwa, miguu minne, nafasi ya nyuzi kumi, pedali tatu chini kama za gari, na vyuma vya kusukumwa kwa magoti. Liliundwa Marekani mwaka 1962. Mpigaji huketi mbele yake kama fundi mbele ya cherehani. Mkono wa kushoto huteleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia hudonoa, na miguu huvuta sauti moja juu huku nyingine ikibaki pale pale, kama mtu anayepanda ngazi bila kuuachia mkono wa anayebaki chini. Hili la chumba cha saba halikuwa na nyuzi. Wataalamu walizitoa miaka mitatu iliyopita ili kuipumzisha mbao. Gita halikulijali hilo.

Noëlla, mama wa Bukavu anayefanya usafi, aliegemea mpini wa deki yake akasikiliza.

"Papa Evodius," alisema, "ya jana ilikuwa muzuri kupita. Leo uko unakimbiza fasi ya kati ya wimbo."

"Goti linauma, mama."

"Basi upumzishe goti. Usikimbize watu."

Watu, yaani wageni kumi na mmoja waliokuwemo, walikuwa wameinuka kutoka sakafuni kiasi cha vidole viwili. Hili lilitokea mara kadhaa kila wiki. Afisa usalama alishakuja na rula, akapima, akaandika kwamba kimo hicho hakihitaji kofia ngumu. Wageni wenyewe hawakuwahi kulalamika. Walielea kimya, wengine machozi yakiwatoka bila kujua wanamlilia nani, na bibi mmoja wa kiti cha magurudumu aliinuka pamoja na kiti chake. Sauti ilipanda polepole, ikafika mahali ambapo mtu angedhani imekwisha, kisha ikapanda tena kidogo, na chumba kizima kikavuta pumzi moja.

Kabla ya kipande cha mwisho, wote kumi na mmoja waliita kwa pamoja: "Evodius, liza chuma!"

Sita walikuwa Wajerumani. Hakuna aliyejua Kiswahili. Walishuka taratibu, wakasoma kibao cha maelezo, wakaenda kunywa kahawa.

Kibao kilisema: *Gita la pedali, 1962. Lilitumika katika santuri ya muziki wa dansi iliyorekodiwa Landani mwaka 1984. Mpigaji hajulikani.*

Mpigaji angestaafu Ijumaa.

Alikuja mwaka huo wa 1984 na bendi kutoka Bukoba, kurekodi kwa siku kumi na moja. Kwao alizoea kulaza gita la kawaida mapajani na kulisugua kwa shingo ya chupa. Studioni alilikuta hili kwenye kona, watu wamelitundikia makoti. Akayaondoa makoti. Siku ya tatu walikuwa wameelewana. Siku ya tano alikata kipande cha katambuga yake, ndala ya tairi la gari, akakigundisha chini ya pedali ya tatu iliyokuwa ikipiga kelele. Jalada la santuri lilitaja mwimbaji na aliyepiga picha. Hilo halikumsumbua, kwa sababu katika dansi mpigaji haandikwi, huitwa: mwimbaji humrushia jina lake kabla hajaingia, na jina hukaa ndani ya wimbo maisha yote. Mwimbaji aliita. Fundi mitambo, Mwingereza mwenye adabu sana, alidhani mtu amepayuka kwa bahati mbaya. Akaukata mwito ule kwenye utepe kwa wembe, akautupa kapuni, wala hakumwambia mtu, asije akamwaibisha aliyepayuka.

Jumatano alikuja Vijay, naibu mkuu wa idara ya ala. Baba yake alitoka Mwanza. Yeye alikulia Rayners Lane, kitongoji cha Landani, na Kiswahili alikizungumza mlango ukishafungwa. Akaufunga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeleta jibu la kamati kuhusu kibao?"

"Nimeleta fomu nyingine."

Mzee Evodius aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa kupokea kitu kisicho na faida kutoka kwa mtu mwema.

"Mimi nakuamini," alisema Vijay. "Juzi niliinuka mwenyewe. Nilimwaga chai. Lakini kamati inataka picha, au mkataba, au barua."

"Chini ya pedali ya tatu kuna katambuga."

"Wanajua. Wameandika, 'Mpira, asili haijulikani.'"

"Asili yake ni mguu wangu wa kulia."

"Wanasema umekaa na gita miaka tisa. Ungeweza kuchungulia."

Mzee Evodius alifikiri. "Kwa hiyo kama ningelilinda vibaya, mngeniamini."

"Kidogo."

"Na watu wanaoniita?"

"Wameorodheshwa chini ya kelele."

"Vijay, mwanangu. Valeria anakuja Ijumaa kukipiga picha kibao. Ameshatangaza Bukoba nzima kwamba mumewe ameandikwa. Shemeji zangu wamezikalia simu kama kuku mayai."

"Nitajaribu, Mzee."

Ijumaa saa tisa alasiri Mzee Evodius alikabidhi koti la kazi, akabaki na shati. Valeria, mkewe, alikuja na kitenge anachovaa kwenye harusi za watu anaowaheshimu. Kamati nayo ilikuja, watu watano wenye madaftari. Noëlla alikuwa ameipiga deki sakafu mara mbili.

Mzee Evodius alivua viatu, kisha soksi.

Safari hii hakukimbiza mahali popote. Gita lilianza chini kabisa, kwa sauti ambayo husikika kwanza kwenye magoti. Ikapanda, ikajikunja, ikajigawa mara mbili, moja ikilia na nyingine ikiibembeleza. Kinanda cha mwaka 1790 kilifunga kifuniko chake chenyewe, kwa heshima. Vayolini ukutani ziligeuka kutazama. Watu waliinuka vidole vinne, kimo ambacho hakikuwa na fomu. Valeria aliinuka akiwa amekumbatia mkoba, akamtazama mume wake kama alivyomtazama siku ya kwanza dansini, alipokuwa bado hajaambiwa huyo ni nani. Wanakamati watano waliinuka wakiwa wamepangana kwa vyeo.

Wote wakaita. Mwenyekiti wa kamati aliita kwa sauti kuliko wote: "Evodius, liza chuma!" Kisha akashuka, akanyoosha sketi yake, akaandika kitu.

Wanakamati walikutana kwenye korido kwa dakika kumi na moja. Saa kumi na nusu Vijay alirudi na kibao kipya, bado kina joto la mashine. Hakumtazama mtu. Akakibandika chini ya kile cha zamani.

*Mpigaji hajulikani,* kilisema cha juu.

*Wageni wanaombwa wasiite "Evodius" mbele ya ala hii,* kilisema cha chini.

Valeria alivisoma vyote, mara mbili.

"Jina hawajalikosea hata herufi," alisema. "Simama hapo nikupige."

Mzee Evodius akasogea karibu na kioo. Linus, mlinzi mpya aliyekabidhiwa lile koti, alimgusa begani kwa adabu.

"Samahani, Mzee. Wageni wanasimama nyuma ya mstari."

Mstari huo Mzee Evodius aliuchora mwenyewe, mwaka wake wa kwanza kazini. Akarudi nyuma yake. Valeria akapiga picha, akaituma, na simu ikaanza kulia kwa pongezi za mashemeji.

Bibi wa kiti cha magurudumu, ambaye alikuwa amerudi, alimuuliza Linus huyo Evodius ni nani. Linus alisoma vibao vyote viwili kwa makini, kama alivyofundishwa, akajibu kwamba hajulikani. Bibi akashukuru. Wote wanne, yeye, Linus, Valeria na Mzee, walikuwa bado juu ya sakafu kwa vidole viwili, na Mzee Evodius alikuwa ameshika viatu mkononi.