Muda wa Kurudisha Ulishapita

Kwetu kifaranga hukaguliwa bawa kabla hajapewa hata maji. Mama huketi kwenye kigoda chini ya taa, anadaka kimoja kwenye trei, anafungua bawa kwa kidole gumba na kuchungulia. Kwa mbegu tunayoangua sisi, manyoya yakipishana, marefu kwa mafupi, huyo ni mtetea, boksi la kushoto. Yakilingana ni jogoo, boksi la kulia. Ukipiga chafya, ukifumbua macho ameshamshika mwingine. Mlangoni mwa banda kuna kibao: MTETEA AKIBAINIKA NI JOGOO ARUDISHWE KABLA YA MIEZI MIWILI. Watu hukisoma, hucheka, hununua. Tangu nianze kupiga deki banda hilo sijaona mtu akirudisha kitu.

Sasa siku ile dada yangu alirudi kutoka hospitali, akapita bandani bila kumsalimia mtu, akaja kukaa kitandani kwangu na viatu vyake. Nikajua mambo si shwari. Namwita Twiga. Akisimama mlangoni, mwanga unaomba njia.

"Twiga, shusha kwato zako kutoka kwenye shuka langu."

Hakushusha. "Wamenipa majibu," akasema.

Nieleze kidogo. Mimi ni mdogo wake na tunalala chumba kimoja, lakini mambo ya kila mwezi nilianza mimi, naye hakuanza kabisa. Mwanzoni nilimtania kwamba nimemruka kwenye foleni. Mama akasema wengine huchelewa, mahindi ya shamba moja hayachanui siku moja. Ila mahindi ya Twiga yalizidi kuchelewa, akafika miaka ishirini, akajipeleka mwenyewe hospitali. Wakampiga picha ya tumbo, wakamtoa damu.

"Sina kizazi," akasema. "Hakikuumbika. Na damu yangu ina X na Y."

Nikaanza, "Si X na Y ni..."

"Malizia."

"Sitaki."

"Ni mvulana. Si ndivyo nilivyomfundisha Mama?"

Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Zamani Shangazi, dada yake Baba, alikuwa haji kwetu bila kumchoma Mama. "Wifi, umejaza nyumba sketi tupu. Kaka yangu atarithiwa na nani, na hao kuku?" Mama alikuwa akimeza, anaendelea kufungua mabawa. Mpaka Twiga aliporudi kutoka darasa la biolojia, akachukua kalamu ya wino mzito na kuchora ukutani, juu ya mashine ya kuangulia: mama X X, baba X Y. Akavuta mishale. X na X, binti. X na Y, mvulana. "Mama, wewe huna Y ya kutoa. Anayeamua ni kinachotoka kwa baba." Mama aliweka kifaranga chini, na hilo lilikuwa halijapata kutokea. Tangu siku hiyo Shangazi akifungua mdomo, Mama anaelekeza ufagio ukutani: "Muulize kaka yako Y yake aliiweka wapi." Wateja nao huhubiriwa. Baba, maskini, ndiye anayesambaza vifaranga kwa pikipiki, na kila akienda kuchukua boksi hupita kando ya ukuta ule kama anayempita mbwa asiyemjua.

"Mama anauamini ule ukuta kuliko redio," Twiga akasema. "Nikimwambia nina Y atanitazama mimi, kisha atautazama ukuta, kisha atanitazama tena. Hiyo mara ya pili ndiyo ninayoiogopa."

"Basi usimwambie."

"Anasubiri majibu. Na unajua mimi sijui kumdanganya."

Ni kweli hajui. Akidanganya masikio yanasimama.

"Atanihamisha boksi," akasema.

Ulikuwa mzaha, lakini alikuwa anachomoa uzi kwenye shuka langu. Nikamwambia, "Kibao kinasema miezi miwili. Wewe una miaka ishirini. Hata akitaka, muda wa kurudisha ulishapita."

Alicheka kwa pua, kisha kicheko kikageuka kilio, nikamkumbatia shingo. Ni shingo ndefu, kuna pa kushika.

Bandani Mama akapaza sauti. "Nyie warembo wawili, hivi vifaranga vijipange vyenyewe?"

Tukaenda. Trei zilikuwa zimejaa, banda zima linapiga kelele kama shule iliyokosa mwalimu. Mama hakuinua kichwa. "Wamesemaje hospitali?"

Mimi nilishika beseni la maji nisilolihitaji. Twiga akasimama mbele ya kigoda, mikono nyuma, akasema yote kwa mkupuo mmoja, kizazi na X na Y, kama anayeogopa pumzi itamwishia njiani.

Kidole cha Mama kilisimama juu ya bawa. Akamtazama Twiga. Kisha, vile vile Twiga alivyotabiri, akainua macho ukutani.

Twiga akageuka kuondoka.

"Unakwenda wapi? Sijaelewa," Mama akasema. "Siku ile ulinieleza nikaelewa. Nieleze tena hivyo hivyo. Na wewe mwenye beseni, ama lifanyie kazi ama liweke chini."

Nikaliweka. Twiga akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa.

"Y ina kazi moja kubwa," akaanza. "Mtoto akiwa bado kitu kidogo tu tumboni, inaamuru tezi za uzazi ziwe za kiume. Zangu zikatii, ziko humu ndani mpaka leo. Zikatengeneza homoni, zikatuma amri mwili mzima: jengeni mvulana. Lakini mwili wangu hauna pa kupokelea hiyo amri. Jeni ya mapokezi ina hitilafu. Kwa hiyo mwili haukusikia, ukaendelea kujenga msichana."

"Na kizazi?"

"Zile tezi zilitoa amri ya pili, kizazi kisijengwe. Hiyo ina mapokezi yake. Hiyo ilisikika."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Uliamrishwa, hukusikia."

"Ndiyo."

"Tangu tumboni."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi miaka yote hii najiuliza, huyu mtoto akiitwa kuosha vyombo, uziwi huu anautoa wapi."

Nilijizuia nikashindwa, nikacheka mpaka nikashika meza. Twiga hakucheka. "Mama, sitanii."

"Wala mimi. Hiyo jeni ya mapokezi inakaa wapi?"

Twiga akanitazama. Nikaona kwamba bado kulikuwa na kitu alichokuwa amenificha hata mimi.

"Kwenye X," akasema.

"X ya nani?"

"Baba alinipa Y. X iliyobaki ni yako." Akaharakisha. "Daktari amesema mara nyingi hutoka kwa mama, mara nyingine huzuka yenyewe tu. Si kosa la mtu. Hata huyu anaweza kuwa ameibeba na asijue."

"Mimi nimeingiaje tena?" nikauliza.

"Nyamaza, mapokezi," Mama akasema. Nilimwona akiipima habari ile, na nikamwonea huruma, maana aliwahi kulaumiwa miaka na miaka kwa kitu kisichokuwa chake, na sasa kimepatikana ambacho huenda ni chake kweli. Kifaranga mkononi kilikuwa kinamdonoa kidole, naye Mama hana habari.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, "Y ya baba yenu ilifika."

"Ilifika."

"Ikapiga hodi, ikatoa amri zake."

"Ndiyo."

"X yangu ikajifanya haipo nyumbani."

Twiga akafikiri. "Unaweza kusema hivyo."

"Wifi asiisikie hii kabisa," Mama akasema. "Atajua kaka yake alijitahidi."

Hapo ndipo Twiga alipocheka, kicheko chake chenyewe, kile kinachoanzia miguuni na kuchelewa kufika juu. Tukacheka wote watatu, na vifaranga vikazidisha kelele kama vimealikwa. Kisha Twiga akafuta macho, akasema kwa sauti ndogo, "Lakini sitazaa, Mama."

Kicheko kikakatika.

Mama akafungua bawa la kile kifaranga, ila hakulitazama, alikuwa anamtazama Twiga. Akakiweka boksi la kushoto. Mimi niliyaona yale manyoya. Yalikuwa yamelingana kabisa. Nikaliacha boksi lilivyo.

Akainuka, akafuta mikono kwenye aproni, akasimama mbele ya Twiga, ambaye hata akiwa ameketi kwenye ndoo wanakaribia kulingana. Akamshika mashavu.

"Hilo linaniuma," akasema. "Sitakudanganya, na kesho litaniuma. Lakini linaniuma kama linavyomuuma mtu kwa ajili ya binti yake. Umesikia, mama?"

Twiga ameitwa "mama" na Mama tangu akiwa anatambaa. Mimi huitwa "wewe". Nilikuwa nimelizoea lile neno, halinisimamishi. Siku ile nilisimama nikalisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," Twiga akasema.

"Hilo limepata mapokezi?"

"Limepata, Mama."

"Haya." Mama akamwachia mashavu, akautazama ukuta, mikono kiunoni. "Sasa huu nao tuufanyeje? Wateja wangu nimewahubiria wote."

"Si uongo," Twiga akasema. "Kwa watu wengi ndivyo ilivyo. Nilichora nusu tu."

Mama akaipapasa rafu akaipata kalamu. Twiga hakuhitaji ngazi wala kigoda. Pale X na Y zilipokuwa na mshale mmoja wa kwenda kwa mvulana, akavuta wa pili, mwembamba, wa kwenda kwa binti.

"Niandike nini juu yake?"

"Usiandike. Anayetaka kujua atauliza, na nitamjibu nikitaka."

Baba tulimwambia mezani, jioni ile ile. Alisikiliza kijiko kikiwa hewani. Akamuuliza Twiga, "Unaumwa mahali?" Twiga akasema hapana, ila atakuwa anarudi kwa daktari kuangaliwa zile tezi, na huenda siku moja wakashauriana kuzitoa. "Nitakupeleka," Baba akasema, akala. Asubuhi nilimwona akienda kuchukua maboksi yake. Alipita katikati kabisa ya banda, mbele ya ukuta, kifua mbele. Sikumtania. Ilinibidi nijitahidi sana, lakini sikumtania.

Majuma yakapita. Siku moja akaja mteja mmoja, fundi seremala, kikapu mkononi, wateja wengine wakimfuata nyuma kwa uchu wa kuona.

"Mama Vifaranga," akasema, "mtetea wako anawika."

Watu wakacheka. Mama akafunua kikapu, akamtazama yule jogoo, kilemba chekundu kimeshaanza kutuna. Kisha akamtazama Twiga, aliyekuwa anapita na trei ya mayai, shingo juu ya watu wote.

"Siku hiyo nilikuwa na kazi nyingine," akasema, akampa seremala mtetea mkubwa kuliko yule aliyestahili kupewa.

Yule jogoo akabaki nasi. Anawika wakati asioulizwa, na ukimkemea hasikii, kwa hiyo namwita pacha wa Twiga, naye Twiga ananirushia kandambili. Juzi Baba akasema amenona, ampeleke sokoni na boksi la wenzake.

"Mwache hapo alipo," Mama akamwambia, kidole gumba kikiwa juu ya bawa. "Ameshachoka kuhamishwa."