Jiwe la Mboni Kwenye Foleni ya Bafta

Ndugu Anaeli alifika ofisini Jumatatu wakati wa chai, akitembea nyuma ya mkokoteni uliobeba kompyuta iliyofunikwa kwa gunia la katani. Hakuna aliyekuwa akimtarajia. Mkuu wa ofisi aliitafuta barua ya kumtambulisha, akaikosa, akasema basi naye apewe chai. Alikuwa mwembamba na mpole, na viatu vyake viling'aa ingawa mvua ilikuwa imeacha matope mpaka Msimbazi. Aliiweka kompyuta juu ya meza ya Mboni kando ya dirisha, akachomeka waya, kioo kikawaka kijani.

"Nimetumwa kumfundisha mtu mmoja," alisema. "Dada, unapiga taipu?"

"Napiga," Mboni akajibu. "Tena bila kutazama vidole."

"Hilo ndilo litakalokusumbua."

Likamsumbua kweli. Mboni alifundishwa taipu na masista wa Ndanda, na kwake kibonye kilikuwa kibonye: ukikipiga, herufi inatoka. Mashine hii ilikuwa na tabia ya nyumba za pwani, huingii bila hodi. Ukitaka kuandika unapiga kwanza i. Ukimaliza unapiga kibonye cha pembeni juu, kuaga. Usipopiga hodi, kila herufi inageuka amri: j inakishusha kidoti cha mwanga mstari mmoja, k inakipandisha, d mara mbili inaung'oa mstari mzima. Siku ile ya kwanza Mboni alisahau hodi, vidole vikakimbia kama kawaida yao, na barua ya mwenyekiti ikabaki bila salamu.

"Piga u," Anaeli alisema. "Inarudisha kosa la mwisho. La mwisho tu, ya nyuma yake hairudishi."

"Langu la mwisho ni kumwamini muuza sabuni."

"Hilo si la mashine hii."

Alimfundisha pia kwamba mstari uliong'olewa haupotei papo hapo; mashine huushika mkononi. Ukipiga p inauweka chini ya ulipo, ukipiga P kubwa inauweka juu. "Lakini mkono wake ni mmoja," alisema, "na umeme ukikatika, inakumbuka ulichohifadhi. Ilichoshika mkononi haikikumbuki. Sasa jizoeze. Andika unavyoviona dirishani, kila kitu na mstari wake."

Mboni alichungulia. Chini kulikuwa na duka la ushirika, na mbele yake foleni ya kungojea bafta, kitambaa cheupe cha magauni na sanda; foleni yenyewe haikuwa na watu. Watu walikuwa kazini. Walikuwa wameacha vitu vya kuwashikia nafasi: mawe, tofali, kopo la rangi, kandambili la mguu mmoja. Kila kitu kilijulikana ni cha nani, na Kariakoo nzima, hata wezi wake, hakuna aliyethubutu kuruka jiwe la mtu. Mboni aliviandika vyote kwa mpangilio wake. Kisha, kwa kujizoeza, akaung'oa mstari wa kopo. Kule chini kopo likatoweka. Akapiga p, likaanguka nyuma ya tofali kwa kishindo.

Blandina, aliyekuwa akiuza vitumbua kando ya duka, aliinua uso. "Nani anachezea kopo langu?"

"Ni mimi, dada! Najifunza!"

"Haya, jifunze. Ila lirudishe."

Mboni akalirudisha.

Jiwe la Mboni mwenyewe lilikuwa la tatu. Alikuwa ameliweka tangu Kwaresima, kwa sababu Kasmir, mchumba wake, fundi makochi wa Mchikichini, alikuwa amemaliza taratibu zote za ndoa na kilichobaki kilikuwa gauni. Jiwe la Bi Mauza lilikuwa la mwisho kabisa, nyuma ya kona, maana miguu ilikuwa ikimsumbua na siku ya kupanga mawe alichelewa.

Bi Mauza alikuwa mwenye nyumba wa Mboni. Babu yake alitoka Arabuni akafungua duka, na duka bado lilikuwepo upande wa mbele wa nyumba, rafu zake zikiwa tupu na zimefutwa vumbi vizuri. Mumewe, Mzee Hashil, alifariki mwaka ambao kitambaa cheupe hakikupatikana mjini, akazikwa na shuka la kitanda lenye maua mekundu. Sheikh alisema kisheria inafaa. Mzee Hashil hakuridhika. Kila Alhamisi magharibi alirudi nyumbani akaketi barazani, uso ukutani, ili wapita njia wasiyaone maua ya kifuani.

"Wenzake huko wanamcheka," Bi Mauza alimweleza Mboni Alhamisi moja huku akichambua mchele. "Wanamwita Bwana Harusi."

"Bibi, wewe hutazikwa na maua."

"Unaahidi, mwanangu, au unanifariji?"

"Naahidi."

"Haya. Hashil, umesikia?"

Mzee Hashil aliitikia kwa kichwa bila kugeuka.

Robota za bafta zilifika asubuhi moja bila kutangazwa. Mboni alizisikia zikishushwa, akakaa mezani. Siku hizo kioo kilikuwa kimezoea kuiandika chenyewe foleni ya kila siku. Akapiga amri ya kwenda mstari wa kwanza. Kidoti kikapanda, kikapita jiwe lake, kikapita jiwe la kwanza, kikaendelea kupanda. Juu huko kulikuwa na mistari ambayo hakuiandika: pikapu nyeupe, shemeji wa meneja, mke wa katibu, pikapu nyeupe tena. Akaenda dirisha la pili, lile linalotazama uani. Kwenye mlango wa nyuma wa duka pikapu nyeupe ilikuwa ikipakia robota. Foleni ilikuwa inaanzia pale.

Akarudi akapiga d mara mbili. Mashine ikalia kidogo kama kinda la kuku, mistari ikabaki ilivyo.

"Hiyo haing'oki?"

"Hiyo inasomeka tu," Anaeli alisema, akipuliza chai yake. "Nimejaribu katika miji mingi."

Pikapu ikaondoka. Mlango wa mbele ukafunguliwa, na Blandina akapaza sauti kuelekea ghorofani. "Dada wa mashine! Yamebaki mapande matatu tu! Wewe ndiye wa mwisho kupata, shuka upesi!"

Mboni hakushuka. Kwenye kioo alikwenda mwisho wa foleni, akaling'oa jiwe la Bi Mauza, akapanda nalo, akaliweka juu ya la kwake. Foleni yote nyuma yake ikasogezwa hatua moja, na manung'uniko yakapanda mpaka dirishani. Watu wale walikuwa wakivumilia ukosefu wa sukari, wa sabuni na wa dawa ya meno. Kurudishwa nyuma hawakukuvumilia. Kilichobaki ni yeye mwenyewe kutoka, aende kwenye nafasi aliyoiacha Bi Mauza kule konani. Akaling'oa jiwe lake. Mashine ikalishika.

Taa ikapepesa. Ikapepesa tena.

Kila mtu Kariakoo alijua maana ya hilo. Muda uliobaki ulitosha amri moja: kuliweka chini jiwe lake, au kuhifadhi. Akikaa kimya, umeme utakatika, mambo yatarudi yalivyokuwa asubuhi: yeye wa tatu, Bi Mauza nyuma ya kona, gauni litashonwa, na hakuna atakayemlaumu mtu kwa kosa la umeme. Mboni aliviangalia vidole vyake, kwa mara ya kwanza tangu Ndanda. Kisha akapiga nukta mbili, akapiga w, akapiga kibonye kikubwa cha kulia. Kioo kikamwambia kimehifadhi. Umeme ukakatika.

"Jiwe lako lilikuwa bado mkononi mwake," Anaeli alisema mbele ya kioo kilichozimika.

"Najua."

Jioni ile Anaeli hakuwepo tena, wala kompyuta, wala mkokoteni. Mkuu wa ofisi alitafuta barua ya kumuaga, akaikosa.

Tangu hapo Mboni hakuweza kuwa kwenye foleni. Akisimama, muuzaji alimhudumia wa mbele yake, kisha wa nyuma yake, bila ubaya wowote. Jiwe aliloliweka jioni lilikutwa asubuhi mtaroni. Sukari yake alipanga Kasmir, unga alipanga Blandina. Aliolewa kwa kitenge cha kijani, na waliokuwepo wanasema alipendeza. Vitumbua vilikuwa vingi, na watu waliimba mpaka miti ya viti ikalegea. Umaskini wa miaka ile ulikuwa na watu wengi ndani yake, na Mboni akiukumbuka huwa anaukumbuka ukiwa unaimba.

Bi Mauza aliliweka pande lake kwenye sanduku, akalifukiza udi. Masika yaliyofuata alilihitaji.

Sasa Alhamisi magharibi huja wote wawili. Mzee Hashil bado anatazama ukuta. Bi Mauza amejaribu kumkatia nusu ya sanda yake, naye anakataa, anasema amekwisha kuzoea jina. Bi Mauza anaketi akitazama barabara, mweupe pe, na wapita njia wanamwamkia.

"Shikamoo, Bibi," Mboni anasema akileta sinia.

"Marahaba, mwanangu. Leo umepata sukari?"

"Sijapata, Bibi."

Nje pikapu nyeupe inapita taratibu kuelekea mlango wa nyuma. Mboni anamimina chai, na wageni wanainywa hivyohivyo.