Kumi wa Puerto Amparo

Rabi Efraín Wolfsohn alishuka kwenye boti ya ndizi saa tisa alasiri, suruali imelowa hadi magotini, kwapani kabana sanduku la mikate isiyotiwa chachu. Huja Puerto Amparo mara moja kwa mwaka, mto ukijaa. Bibi Fortunata Benmergui alikuwa anamsubiri gatini na sufuria ya samaki.

"Kula kwanza, Rabi. Umekonda kama kasia."

Bibi alikuwa na shida moja tu. Mumewe, Salomón, alifariki mwaka uliopita, na tangu siku hiyo hajatulia kaburini. Kila magharibi alirudi, akajilaza kwenye bembea yake ya kamba barazani, akaomba kahawa.

"Kahawa simnyimi," Bibi akaeleza. "Ila mtu akishakufa apumzike. Msomee Kadishi."

Kadishi, dua ya wafu, haisomwi mpaka wapatikane wanaume kumi wa Kiyahudi.

Jioni sinagogi lilijaa wanaume wenye mashati ya pasi. Rabi hahesabu watu kwa namba, ni mwiko. Hutamka aya yenye maneno kumi, neno moja kwa kila kichwa. Akajigusa kifua, akatamka neno la kwanza. Akampita Moisés, fundi wa mashine za boti. Akampita Abraham, muuza mafuta ya taa. Akawapita wote hadi ukutani, neno la pili halijatamkwa.

"Neno limekukwama, Rabi?" Moisés akauliza. "Meza mate."

"Ni mama zenu," Rabi akasema kwa upole. "Walikuwa wanawake wa mtoni, si Wayahudi. Marabi wakubwa wa mji mkuu hawawahesabu watoto wao."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo. Na mama zetu bado ni wale wale."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mzee Jacobo Benmergui, baba yake Salomón, aliyekuja kutoka mji wa Tanja enzi za biashara ya utomvu wa mpira akafa enzi hizo hizo. Nyuma yake waliingia wenzake wa makaburini, viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Futeni miguu, Baba!" Bibi Fortunata akafoka. "Nimedeki leo."

Wakafuta. Walio hai wakawapisha viti. Rabi akaianza aya upya, na kwa kuwa wazee wale mama zao walikuwa Wayahudi wa Tanja, maneno yakatiririka mpaka la kumi.

"Tumetimia," akasema, akafungua kitabu.

"Yaani maiti wanatimiza, sisi tunabeba viti," Moisés akamnong'oneza Abraham.

"Basi beba vizuri, usije ukamwangusha marehemu."

Salomón naye alikuwa ameingia, akaketi karibu na mlango na kikombe chake. Hakuhesabiwa, mama yake alikuwa Rosaura, wa mtoni.

"Baba, ungeoa kwenu, mwanao angekaa mbele," Bibi akamwambia Mzee Jacobo.

"Kwetu ni ng'ambo ya bahari, mwanangu. Rosaura alikuwa hapa hapa, anacheka."

Mzee Jacobo mwenyewe ndiye aliyemsomea mwanawe Kadishi, na wote wakaitikia amina, wafu na wazima. Salomón akapiga mwayo mrefu, akamrudishia mkewe kikombe, akatoka ameshikana mkono na baba yake. Barazani hakurudi tena.

Asubuhi Moisés aliiwasha mashine ya boti, iliyokuwa imegoma. Bibi Fortunata akamshika Rabi mkono wa koti.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu imejaa watu, lakini mhesabuji haoni mtu."

Rabi akajikuna ndevu. "Mzinga wa nyuki?"

"Wapi! Nipe mji."

"Haya, nakupa mji mkuu mzima."

"Wenyewe hawanitaki. Nipe huu huu wa kwetu."

Rabi akatazama maji. "Huo sina ruhusa ya kuutoa, Bibi."

"Basi kafikiri, mwakani utaniambia." Akamsukumia kifurushi cha samaki. "Na ule."

Boti ikaondoka. Gatini walisimama Moisés, Abraham na wanaume wote wa sinagogi, wakipunga mikono mpaka ikapinda kona ya mto. Walikuwa wengi, gati likalalia upande mmoja. Hakuna aliyewahesabu.