Pembe ya Jaji

Katika karakana ile sheria ilikuwa moja, na kila aliyewahi kushika brashi chini ya paa lake la mabati aliijua kabla hajajua jina la rangi hata moja: mnyama huchorwa na mtu aliyemtazama kwa macho yake mwenyewe, mnyama akiwa hai na anapumua. Picha ya kamera iliruhusiwa kukumbusha, haikuruhusiwa kufundisha. Mtu yeyote, awe fundi wa miaka mingi au mwanafunzi wa jana, aliweza kusimama nyuma ya mchoraji na kumwuliza neno moja tu, "Umemtazama?", naye aliyeulizwa alipaswa kujibu ndiyo au hapana mbele ya wote. Akijibu hapana, aliifuta kazi kwa mkono wake. Kisha alitoka nje, akaketi kwenye kigoda kando ya barabara na kumchora mmoja wa kuku waliozurura pale mbele, kila mmoja na jina lake, hadi yule aliyemwuliza aweze kutaja, kwa kuitazama karatasi peke yake, ni kuku yupi.

Wasioijua adhabu hiyo waliiona ya kitoto. Walioipitia hawakucheka. Kuku hakai. Ukiipata shingo, keshageuka. Ukiupata mguu, keshaukunja. Na wapita njia nao wana midomo.

Sheria hiyo aliitunga Bi Fundi, mwenye karakana. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kufunga kilemba chake kama afungaye mzigo wa safari ndefu. Wanyama wake walisimama katika kuta za shule, za zahanati na za kituo cha mabasi, na watu walisema kwamba ukipiga makofi karibu na swala wake, unaweza kubaki na ukuta mtupu. Sifa hizo alizipokea kwa kutikisa kichwa mara moja, basi. Yeye hakuwa amewahi kuulizwa lile swali. Hapakuwa na haja. Kila mnyama aliyemchora alikuwa amemfuata alipo, akalala chini, akaliwa na mbu, akarudi naye kichwani.

Ndipo wakubwa wa hifadhi ya wanyama walipomwagiza nyati.

Hakuwa nyati wa kubahatisha. Alikuwa dume mzee aliyefukuzwa na kundi lake, mwenye pembe moja nzima na nyingine iliyovunjika katikati, naye aliitwa Jaji, kwa sababu aliwatazama watu kama aliyekwisha kusikiliza kesi na sasa anatafuta tu maneno ya kutolea hukumu. Walimtaka achorwe kwa ukubwa wake kamili juu ya mbao pana, apate kusimama katika ukumbi mpya wa kupokelea wageni.

Kwa Bi Fundi hiyo ilikuwa kazi kubwa kupita zote, na alijua kwamba hakuna nyingine ya namna ile itakayomfikia. Lakini magoti yake yalikuwa yamekwisha kuchoka. Barabara ya kwenda hifadhini ilikuwa ya mashimo, na Jaji hakukaa mahali ambapo gari hufika. Kwa hiyo walikwenda wawili badala yake: mdogo wake wa kiume, mpiga picha mwenye studio mlango wa pili, ambaye karakana nzima ilimwita Mjomba, na binti yake wa pekee, ambaye tangu utotoni aliitwa Macho, kwa kuwa alipokitazama kitu alikitazama mpaka wengine wakaona haya.

Waliporudi, Mjomba alijifungia katika chumba chake cha giza cha kusafishia picha, akatoka na picha moja kubwa iliyomfanya kila mtu aache kazi. Jaji alikuwa ametokeza kwenye ukungu hadi mabegani, pua inang'aa unyevu, na jua la asubuhi limeshika ncha ya pembe yake nzima. Mjomba alikuwa amelala kwenye umande kwa ajili ya mwanga huo, na kifua kilimbana kwa siku kadhaa. Macho naye alileta bunda la karatasi alizomchora Jaji kwa penseli, zimejikunja pembeni kwa unyevu.

"Mama, nilikaa naye wiki nzima," alisema. "Ukipenda, nianze kumpanga kwenye mbao."

Bi Fundi aliitazama ile picha, akazitazama karatasi, akayatazama magoti yake. "Ziweke juu ya kabati," alijibu. "Huyu nitamchora mimi."

Macho alisema, "Haya, Mama," akaziweka juu ya kabati.

Kazi ilikwenda vizuri, kwa jinsi macho ya watu yalivyoiona. Picha ya Mjomba ilibandikwa ukutani, na Bi Fundi, akiwa juu ya ngazi fupi, aliinua kutoka kwenye mbao dume zito, jeusi, lenye matope yaliyokauka. Mwandika Vibao, mzee mnene aliyekuwa na kazi ya herufi tu katika karakana ile, alikuja kila asubuhi na kikombe chake cha chai, akasimama na kusifu.

"Mimi huyu simpi mgongo," alisema. "Jamani, nani anataka tubadilishane nafasi? Nakaa karibu naye mno."

Bi Fundi alifanya kama hakusikia. Moyoni, hata hivyo, alikuwa amejijengea hoja moja baada ya nyingine, zote nzuri. Je, hakuwatazama nyati wengi katika ujana wake? Je, macho ya mdogo wake na ya mwanawe si kama macho yake? Mtu mwenye haki hahitaji hoja nyingi kiasi hicho, na yeye alilijua hilo. Akazidisha matope kwenye ubavu. Alitambua pia kwamba Macho, aliyekuwa akichanganya rangi mezani, alikuwa amepunguza maneno siku baada ya siku, hadi yamebaki salamu.

Asubuhi moja, zikiwa zimebaki siku mbili lori la hifadhi lije kuichukua kazi, Bi Fundi alikuwa anatia mng'ao wa mwisho kwenye jicho. Alisikia hatua zikija nyuma yake na kusimama.

"Mama," Macho alisema. "Umemtazama?"

Msumeno uliokuwa ukikata fremu ulinyamaza. Mwandika Vibao alishusha kikombe chake polepole, kama kwamba sauti ya kikombe juu ya meza ingekuwa utovu wa adabu.

Bi Fundi hakugeuka mara moja. Hasira ilimpanda. Na hapo hapo, chini ya hasira, alihisi kitu kingine ambacho hakukitarajia. Sauti ya mwanawe haikutetemeka. Alikuwa ameuliza kama inavyotakiwa kuulizwa: neno moja, pasipo kuzunguka, pasipo kuomba radhi. Hivyo ndivyo alivyomfundisha.

Alishuka ngazi, akaifuta brashi, akamtazama usoni.

"Hapana," alisema. "Sikumtazama."

"Iliyovunjika ni pembe ya kushoto, Mama. Wewe umevunja ya kulia."

"Nimefuata picha."

"Najua."

Mjomba aliitwa, akaja mbio na kandambili zake za studio, mikono inanuka dawa za picha. Aliposikia habari, alicheka. "Macho, mwanangu, kamera haina kushoto wala kulia kwake. Inachukua kilichopo."

"Basi lete negativu, ile filamu yenyewe, Mjomba."

Aliileta, bado anacheka, akainyanyua dirishani. Kicheko kikaisha. Aliigeuza filamu upande mmoja, akaigeuza upande wa pili, akaziangalia namba ndogo zilizo ukingoni mwake. Ili Jaji aonekane kama alivyo pale ukutani, namba zile zilisomeka kinyumenyume.

"Niliilaza kichalichali," alisema taratibu. "Kwenye mashine ya kukuzia. Nilikuwa na haraka ya kuiona."

"Na wewe ulikuwa pale," Bi Fundi alimwambia. "Ulilala mbele yake. Hukuona pembe ipi imevunjika?"

"Dada, mimi natazama kwa jicho moja, na hilo moja lilikuwa kwenye mwanga." Alijikuna kichwa. "Ukiniuliza jua lilitoka wapi, nitakujibu hata usingizini."

Mwandika Vibao alijaribu kuokoa jahazi. "Jamani, pembe ni kitu gani? Tunaongeza huku, tunakata kule. Kabla ya chai ya mchana tumemaliza."

"Haiwezekani," Macho alisema. Alipanda juu ya kiti, akaziteremsha karatasi zake kutoka juu ya kabati, akazitandaza sakafuni. "Pembe nzima inamvuta. Ameibeba upande mmoja miaka yote hiyo, kwa hiyo shingo imejaa huku, na huku imepungua. Sikio la upande wa pembe nzima limelala. Hata kusimama, anasimama kama mtu aliyebeba ndoo. Ukihamisha pembe peke yake, unapata nyati aliyevaa pembe za kuazima."

Bi Fundi aliinama, pamoja na magoti yake, akazisogelea zile karatasi. Hakuwa amezifungua hata moja. Jaji akila. Jaji akigeuka. Jaji akilala, uzito wote umeegemea bega moja, na kando yake penseli imesita, imefutwa, imejaribu tena mpaka bega limekubali. Alizipitia zote, moja moja.

"Kwa nini hukusema tangu siku ya kwanza?" aliuliza, bado ameinama.

"Nilingoja uniulize, Mama."

Bi Fundi alinyoosha ncha ya karatasi iliyojikunja. "Na mimi," alisema, "nilingoja usiniulize."

Alijiinua kwa kushika ukingo wa meza, akachukua kopo la rangi nyeupe na brashi pana ya kupakia kuta. Alipaka kuanzia jicho. Jicho lile alilolitia mng'ao muda mfupi uliopita lilizama kwanza, kisha pua, kisha pembe zote mbili, shingo na mabega, hadi mbao zote zikawa kama ukuta mpya. Mwandika Vibao aligeuka pembeni, asione. Macho hakugeuka.

Alipokwisha, Bi Fundi alimpa binti yake brashi yake mwenyewe ndogo, yenye mpini uliolika kwa vidole vyake, ambayo hakuwahi kumruhusu mtu kuiosha.

"Mnyama ni wa aliyemtazama," alisema. "Mwandika Vibao, sogeza ngazi. Rangi nitachanganya mimi."

Ikawa hivyo. Siku hiyo na iliyofuata mwenye karakana alikaa mezani pa wanafunzi, akikoroga rangi na kumpelekea mwanawe alichoagizwa. "Nyeusi, lakini isiwe nyeusi ya masizi, Mama. Iwe ya chungu." Naye alikwenda, akatafuta nyeusi ya chungu. Mjomba alichapa picha upya, safari hii namba zikisomeka sawasawa, akaibandika ukutani na kukaa chini yake kama aliyekamatwa.

Ilipofika zamu ya matope, Macho aliiweka brashi chini, akachovya kiganja kizima katika rangi, akakipapasa ubavuni mwa nyati na kukivuta kwenda chini. Matope yakakauka pale pale mbele ya macho yao, yakapasuka. Bi Fundi hakuwa amemfundisha jambo hilo. Hakulijua. Alisimama na kopo mkononi, akahisi kifua kimemjaa hata kilemba kimembana, akasema tu, "Angalia usichafue fremu."

Siku ya lori ilipofika, Macho alikuwa anamalizia kwato. Bi Fundi alichukua karatasi, penseli na kigoda.

"Unakwenda wapi, Dada?" Mjomba aliuliza.

"Nje."

"Bi Fundi," Mwandika Vibao alisema, "kufuta umefuta. Kuku wamekusamehe. Na hayo magoti je?"

"Kuku hawakuulizwa," alijibu, "na magoti hayakuchora."

Aliketi kando ya barabara mchana kweupe. Mwuza mkaa alipunguza mwendo wa baiskeli yake. "Shikamoo, Bi Fundi. Leo wewe? Umekosa nini?"

"Marahaba. Nimekosa. Nipishie mwanga."

Karatasi ya kwanza aliipeleka ndani. Macho aliitazama kwa muda mrefu, kama alivyotazama kila kitu. "Huyu ni kuku," alisema, akamrudishia. Hukumu hiyo ndiyo iliyoogopwa kuliko zote katika karakana ile, nayo ilikuwa ya haki. Bi Fundi alirudi kigodani, mgongo umenyooka kuliko alipotoka.

Lori lilimkuta hapo. Askari wa wanyamapori aliyeshuka alikuwa mtu mzima, mwenye kumjua Jaji tangu angali na pembe mbili nzima. Alimsalimu, akaona penseli, akaona kuku, akaona heri asiulize, akaingia ndani. Alikawia humo. Alipotokea tena mlangoni, kofia yake ilikuwa mkononi.

"Anasimama vile vile," alisema. "Kama aliyebeba kitu upande mmoja. Sikuwahi kulifikiria hilo, na naliona kila siku. Ni kazi yako hii, Bi Fundi?"

"Siyo," alijibu, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, ili mwuza mkaa asikie na waliokuwa wakisubiri kwa kinyozi wasikie. "Ni ya binti yangu. Alimtazama mnyama, akamchora. Mimi nilichanganya rangi."

Kisha akainama tena juu ya karatasi yake, maana kuku wake alikuwa amesimama, na hiyo ni bahati isiyorudi.

Mbao zilipokwisha kupakiwa lorini na kufunikwa turubai, Macho alitoka, mikono bado ina matope ya Jaji, akasimama nyuma ya mama yake. Bi Fundi alimpa karatasi. Juu yake palikuwa na kuku mmoja tu, shingo mbele, mguu mmoja hewani, kifua kimetangulia kama cha mtu aliyechelewa ofisini lakini hataki ijulikane.

Macho hakuwaangalia kuku. Aliiangalia karatasi, na mwishowe tabasamu likamshinda.

"Karani," alisema.

Na Karani mwenyewe, yule kuku, alikatiza barabara kwa haraka ile ile. Bi Fundi alimpa mwanawe mkono, akanyanyuliwa, akabeba kigoda chake mwenyewe na kuingia ndani.