Doa Lisilotoka

Mama alijikwaa kwenye ngazi ya mlango wa uani akachubuka muundi. Mchubuko wenyewe ulikuwa mdogo, hata mtoto asingeulilia. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende, nami sikuudharau. Nilinawa mikono, nikausafisha kwa maji ya bomba, nikaukausha taratibu kwa kitambaa safi, nikapaka mafuta ya mgando, nikaweka shashi na kufunga bendeji. Muuguzi wa zahanati alinisifu.

"Endelea hivyohivyo," alisema. "Ufunike tu, usiuchokonoe. Utafunga wenyewe."

Hakumjua mama yangu.

Mama alikuwa dobi. Nusu ya mtaa ilivaa mashati aliyoyafua yeye, na doa alilichukia kama wengine wanavyomchukia mwizi. Tangu akili ianze kumpotea amesahau jina langu, amesahau njia ya chooni, lakini doa hajalisahau. Akiona bendeji ina tone la damu, anaifungua, anaifua, anaianika. Mara ya kwanza nilicheka. Niliikuta kambani imenyooshwa, imebanwa vibanio, nyeupe pe. Kisha nikamtazama mguu. Na mguu nao ulikuwa na doa, basi alikuwa ameusugua. Kwa burashi.

Nilificha burashi, akatumia kucha. Nilificha sabuni, akaiba ya jirani. Nilinunua bendeji ya rangi ya udongo nikijiona mjanja. Akaigeuza huku na huku, akasema, "Lo, hii imechafuka yote," akaitupa kwenye beseni. Mimi ni msusi, nasukia watu hapa hapa barazani. Siwezi kushika kichwa cha mteja na mguu wa mama kwa pamoja. Kaka yangu akanipigia simu kutoka huko aliko: "Yaani kijidonda tu kinakushinda?" Nilimeza tusi. Mkubwa ni mkubwa hata akiongea upuuzi.

Tuliporudi zahanati, muuguzi hakusifu tena. Ngozi ilikuwa imevimba, nyekundu, ya moto. Alinipa vidonge akaniita pembeni.

"Dada, kwa umri wake damu haifiki vizuri miguuni. Kidonda kikichokonolewa tena, ukaona wekundu unapanda, mkimbize hospitali kubwa. Mkichelewa huwa wanakata."

Nililala naye kitanda kimoja, mkono wangu juu ya goti lake. Mchana nilimweka karibu nami barazani. Ila kuna siku alisinzia, nikamlaza ndani, nikarudi kwa mteja aliyekuwa na haraka ya harusi. Nikiwa katikati ya kichwa nikasikia maji uani.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu ndani ya beseni, anausugua kwa sifongo ya sufuria huku akiimba. Maji yalikuwa na damu.

"Mama! Acha! Unataka wakukate mguu?" Nilimnyang'anya sifongo kwa nguvu.

Akashtuka. Akaficha mikono mgongoni, akanitazama kuanzia miguuni hadi usoni.

"Nisamehe, mama mwenye nyumba. Doa hili ni gumu, lakini litatoka. Usinifukuze kazi. Nina binti anasoma, hana mwingine ila mimi."

Hasira zikaniisha papo hapo. Nikachuchumaa, nikaunyanyua mguu wake. Wekundu ulikuwa umeshavuka goti.

"Sikufukuzi," nilisema. "Kazi yako nzuri sana."

Mteja, kichwa nusu kimesukwa, alitoka mbio kutafuta gari. Nilisafisha tena, nikafunga tena, nikijua bendeji ile haiponyeshi kitu. Mama aliangalia ninavyofunga. Gari lilipopiga honi nje alinivuta bega, akaninong'oneza:

"Binti yangu akija kunitafuta, mwambie asilie. Mwambie namalizia kazi, narudi sasa hivi."

Nikamwambia nitamwambia.