Adui Mpya wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alianza kunipenda mwezi ule aliohama jirani yetu, fundi cherehani. Kabla ya hapo wawili hao waligombana kila asubuhi kwenye ukuta wa uani: mara maji machafu, mara vumbi la ufagio. Walikumbushana makosa ya ujana wao kwa tarehe. Mimi, mkaza mwana, niliitwa "huyu".

Fundi alipochukuliwa na wanawe, mama akawa mpole. Akaanza kuniita mwanangu. Nilifurahi, sitaficha; neno hilo nililingoja ndoa yangu nzima. Kisha siku moja akamkaribisha mume wangu, mwanawe wa kumzaa, akamuuliza kwao ni wapi.

Tukampeleka kwa daktari. Alisema ubongo unataka kushughulishwa: watu, mazungumzo, mambo ya kufikiria. Si dawa, wala haahidi kitu, ila huenda ikachelewesha mabaya.

"Alikuwa anapenda kufanya nini?"

Mume wangu akatazama sakafu.

"Kugombana," nikasema.

Daktari akaandika.

Tulianza na karata. Mama akanipa zake zote ili nishinde. Tukamwekea redio, akawa anawashukuru watangazaji. Upole ulikuwa unammaliza.

Basi asubuhi moja nikaanika soksi za mume wangu kwenye kamba ya mama, zikichuruzika juu ya shuka lake jeupe. Akatoka.

"Nani kaanika uchafu huu?"

"Mimi. Kamba ni ya wote, mama."

Akanikazia macho, akitafuta la kunirushia. Nilimwona akitafuta. Kisha akapata.

"Wewe uliolewa na viatu vya kuazima. Vya dada yako! Cha kushoto kilikubana, ukachechemea mpaka mlangoni."

Kweli tupu, hata huo mguu wa kushoto. Iliniuma, tena sana. Lakini ugomvi hauendi kwa mtu mmoja.

"Na wewe siku hiyo ulilia kwa chuki."

"Nililia kwa sababu wali uliungua! Na aliyeuunguza ni shangazi yako, mdomo mrefu, jiko limemshinda!"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, mswaki mdomoni, anatokwa na machozi. "Na wewe unalia nini?" mama akamfokea, akamtaja kwa jina lake.

Hajaniita mwanangu tena. Kila asubuhi, kabla sijatoka na beseni la nguo, namwomba Mungu mama aamke bado ananichukia.